Munkoyo ya Mama Kapinga na Permi ya Mukendi

Wadogo zangu wa garaji, mmenisumbua vya kutosha. Siku ile mliponiaga nikistaafu, kwa ugali wa bukari na mbuzi, kila mtu alinishika mkono akisema, "Muzee, andika, usiende na bintu yote mu kichwa." Haya, naandika. Anayetaka kujua nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, awaulize wenyewe, hao hawajasahau hata kidogo. Mi nitasema habari za usukani. Nitajaribu Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa misioni kwa fimbo, lakini watu nitawaacha waseme kwa midomo yao. Mukendi akisema kama kitabu cha katekisimu, hamtamtambua.

Niliingia Kampuni ya migodi ya shaba hapa Kolwezi miaka ile ya kwanza ya Zaire, tulipoacha majina ya ubatizo na tai za shingoni, tukavaa abakosti, yale makoti ya kufunga hadi shingoni, na kuitana "sitwayen", yaani raia. Nilikuwa kijana mwenye kiburi. Nilifikiri nitapewa kamioni, lori kubwa, siku hiyohiyo. Sikupewa kamioni, nilipewa Tata Ilunga.

Tata Ilunga alikuwa monitera, yaani mwalimu wa mashofere, mtu mfupi wa upande wa Bukama, mwenye sauti ya kumwamsha maiti. Chombo chake cha kazi kilikuwa kofia. Alikukalisha ndani ya kabini ya kamioni kubwa ya mgodi, akashuka, akazunguka, akaweka kofia yake chini mahali fulani, kisha akapiga kelele, "Unaiona?" Ukisema ndiyo na huioni, ulishuka siku hiyo hupandi tena. "Ile kofia ni mutu," alisema. "Ni mutu mwenye kuinama kufunga kamba ya kiatu." Wiki nzima sikuwasha moto, nilitafuta kofia tu. Mwenzangu mmoja aliikanyaga kwa gurudumu la nyuma. Tata Ilunga alimvalisha ile kofia, bapa kama chapati, akamwambia aende nayo hivyo hadi kantini na kurudi. Yule kijana baadaye aliendesha maisha yake yote bila kumgusa hata kuku.

Jambo la pili nililojifunza kwake ni salamu. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa garaji akimpa mkono kila shofere. Hakuuachia. Aliuliza mke, aliuliza watoto, aliuliza mama kule kijijini, hata mbuzi. Mi nilifikiri ni upendo. Kumbe alikuwa ananusa pombe! Shofere aliyejibu kwa kichwa tu, bila kufungua kinywa, alipewa ufagio badala ya funguo. Hakuna aliyeaibishwa, hakuna aliyefokewa. Mkewe alisikia tu kwamba bwana leo alifagia. Tata Ilunga alipokwenda kupumzika, alinikabidhi mlango ule. Mashine za kupuliza sisi hatukuwa nazo, tulikuwa na pua na adabu.

Sasa nakuja kwa Mukendi, maana ndiye mnayemuulizia kila mara, na kila mmoja wenu ana hadithi yake ya uongo.

Mukendi alikuwa shofere wa basi la wafanyakazi, lile lililowachukua watu wa Kapata, mtaa wa nyumba za Kampuni, kwenda Kingamyambo kuosha mchanga wa shaba, na kuwarudisha. Mtu mrefu, Muluba wa Kasai, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, anayekunywa limonadi kwenye harusi na kuomba radhi kwa limonadi. Mi nimefundisha mashofere wengi, na nasema bila kumung'unya maneno: sikuona mkono kama ule. Watu wa zamu walilala ndani ya basi lake kama watoto mgongoni. Wamama waliobeba mayai ya kuuza waliacha mabasi mengine yapite, wakangojea la Mukendi. Barabara ilikuwa na mashimo yaleyale kwa wote, lakini yeye alijua kila shimo kwa jina.

Basi, mama mdogo wa mkewe alifariki pale Kapata. Kilio, yaani matanga, kikawekwa nyumbani kwa Mama Kapinga, dada ya marehemu, ambaye ndiye mama mkwe wa Mukendi. Hapa niwaeleze vijana, maana siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu na kuwaomba chumvi. Kwa Waluba wa wakati ule, mwanaume na mama mkwe wake hawakuonana uso. Akipita huku, wewe unapita kule. Jina lake hulitaji. Analokutumia hulirudishi, hata liwe jiwe. Haikuwa chuki hata kidogo, ilikuwa heshima kubwa kupita zote. Mukendi alikuwa na watoto kwa binti wa Mama Kapinga, na mama yule alimjua kwa mgongo na kwa kikohozi tu.

Mama Kapinga alipika munkoyo kwa ajili ya wageni waliotoka Kasai kwa gari-moshi. Munkoyo mnaijua: uji wa mahindi uliotiwa mizizi, mtamu, kila mtoto wa Katanga amekua nao. Lakini treni ilifika Tenke, ikalala Tenke. Wageni wakangoja pale kichwa cha treni cha kuwaleta Kolwezi, wakangoja tena. Na munkoyo ikangoja nao, ndani ya pipa, kwenye jua. Wageni walipofika hatimaye Jumapili, wana vumbi na njaa, pipa likafunguliwa. Mfiwa haonji kinywaji mbele ya wageni wake, hiyo ni aibu, basi hakuna aliyeonja. Kikombe cha kwanza, tena kikubwa, Mama Kapinga alikituma kwa mkwe wake, aliyekaa peke yake nyuma ya nyumba. Mukendi akanywa. Kikaja cha pili, akanywa.

Munkoyo ya leo ni ya watoto. Munkoyo iliyongojea treni ya Zaire, mama yangu, hiyo ni kitu kingine.

Jumapili ilikuwa siku yake ya kupumzika. Lakini shofere wa zamu aliugua, gari la Kampuni likaja kumchukua Mukendi pale kilioni. Aliyetumwa alimwona amekaa kimya, amevaa vizuri, akasema twende. Mukendi alikwenda. Mi sikuwa mlangoni siku hiyo, na salamu ya Tata Ilunga haikupigwa na yeyote.

Alijaza watu, akaondoka. Dakika za mwanzo wote walilala kama kawaida. Mjini, kwenye duara la barabara, pale walipopanda maua kwa ajili ya mgeni mkubwa wa Chama, basi liliingia kwenye duara na halikutoka. Lilizunguka. Abiria waliamka wakadhani shofere anamsalimu mgeni mkubwa, wengine wakapiga makofi. Kisha Mukendi akapunguza mwendo, akapanda polepole katikati ya maua, akasimama pale, akazima moto, akavuta breki. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Alishuka, akamfuata askari jandarme aliyekuwa amesimama na filimbi mdomoni, akamkabidhi funguo.

"Tata, kamata funguo," alisema. "Mi niko na malaria mukali. Siwezi kuendesha batu."

Jandarme alimsogelea akamnusa. Alicheka mpaka filimbi ikaanguka.

Hakuna aliyecheka muda mrefu. Ulevi kwenye usukani, na maua ya Chama juu yake! Hakimu alimnyang'anya permi, leseni ya kuendesha, kwa miezi sita, na hilo lilikuwa haki, sikulipinga hata siku moja. Lakini shauri la pili lilikuwa la Kampuni, na ndilo lililotutia hofu. Shofere aliyenyang'anywa permi kwa kunywa nyumbani alishushwa cheo kwa muda, akangoja. Shofere aliyekunywa kazini alifukuzwa, na nyumba ya Kapata alirudisha. Aliyetumwa kumchukua alisema alimkuta mzima kabisa. Basi wakubwa wakajiuliza: huyu alikunywa wapi? Ndani ya basi? Kuna mtu anauza lutuku, ile pombe kali ya magendo, garajini? Swali lilikuwa moja: ulikunywa nini, na wapi? Mukendi akilijibu, amepona. Naye hakulijibu.

Ngalula, mkewe, alinijia nyumbani na mtoto mgongoni, macho mekundu. Akanieleza habari ya pipa yote kama nilivyowaeleza.

"Tata, umusemeshe weye," alisema. "Mi ananiambia ninyamaze. Tutaenda wapi na batoto? Kasai batoto habaijue hata kwa kuota."

Nilimkuta Mukendi amekaa ukumbini mwake, anamenya viazi vitamu kama mtu asiye na shida. Nilimwambia, sema munkoyo, basi, mambo yamekwisha.

"Muzee," akasema, "niseme nini? Niseme mama mukwe wangu njo yeye alinilewesha? Mbele ya banaume, mu biro, bakiandika jina yake? Eko mufiwa. Kesho Kapata yote itasema anapika lutuku mu kilio ya dada yake."

"Basi sema rafiki alikupa bia."

"Hiyo ni uongo."

"Na nyumba?"

Alimenya kiazi kimoja mpaka mwisho. "Nyumba ni ya Kampuni," akasema. "Ile heshima ni yangu."

Nilitoka pale nimemkasirikia, nawaambia kweli. Nilimwita mpumbavu njia nzima. Nilipofika kwangu nilikuwa nimeshaacha kumwita hivyo.

Siku ya shauri tulikaa katika biro, ofisi ya garaji: mkuu wa idara, delege, mjumbe wa wafanyakazi, mkubwa wa ulinzi, na mi kama monitera. Mkuu alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mkali, lakini si mbaya. Mukendi alisimama mbele ya meza, kofia mkononi. Nilishuhudia kazi yake yote, nikasema hata habari ya mayai. Mkuu akaandika. Kisha akauliza lile swali. Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Sitwayen Mukendi," mkuu akasema, "ukinyamaza, miye naandika ulikunywa mu kazi. Mwisho wa mwezi utarudisha funguo ya nyumba. Unasikia muzuri?"

"Nasikia, Chef. Andika."

Mkuu alishika kalamu. Ndipo tuliposikia kelele barazani, mlinzi anasema, "Mama, haruhusiwe, mama!" na sauti ya Ngalula inamjibu vitu ambavyo sitaviandika. Mlango ukafunguka. Akaingia mtu kinyumenyume.

Alikuwa mama mzee, amejifunga kitambaa cheusi cha kufiwa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo mbele yetu, uso kwa mlango, na Ngalula amemshika mkono kumwongoza asigonge kiti. Mukendi alipoona kile kitambaa, hakungoja kuambiwa. Aligeukia ukuta kama amepigwa na umeme, akajifunika uso kwa kofia. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, na meza ya mkuu katikati.

"Ni nini hii?" mkuu akasema. "Tuko mu teatre?"

"Chef," nikamwambia, "ule ni mama mukwe wake."

Na huyo mkuu mkali, Mungu ambariki, alielewa. Kwao desturi ni hiyohiyo. Aliweka kalamu chini, akasimama, akafunga kifungo cha abakosti. "Karibu, mama," akauambia ule mgongo. "Sema."

"Nasikia munatafuta mwenye alilewesha shofere," Mama Kapinga akasema kwa mlango. "Musitafute tena. Njo miye mwenyewe. Mi natoka Kasai, munkoyo nilifundishwa hapa. Nilipika juu ya bageni, treni ikabakia Tenke, munkoyo ikageuka, na mi niko mufiwa, sikuonja. Nikatuma kikombe kwa bwana wa mutoto wangu. Angekataa namna gani? Nikatuma ingine. Mukitaka kufukuza mutu, kuja munifukuze kwangu, mi sina kazi, mutafukuza nini?"

Mkubwa wa ulinzi alikohoa. Mkuu akauliza taratibu, "Mama, na juu ya nini yeye hakutuambia?"

"Angesema, ningemudharau," akajibu. "Hakusema. Njo maana nimekuja."

Mi nilitazama kiatu changu, maana macho yalikuwa yanafanya mambo yao.

"Mukendi," mkuu akasema, "lakini walipokuita, kwa nini ulienda?"

Mukendi alijibu kwa ukuta. "Chef, sikujuaka kama nimelewa. Sijalewaka hata siku moja. Kichwa kilizunguka, nikafikiri ni malaria, itapita. Yalipoanza kuwa maua mbili-mbili, nikajua hapana, hii itaua batu, nikasimamisha."

Delege akauliza kama kuna munkoyo iliyobaki.

Uamuzi ulisomwa palepale. Hafukuzwi. Nyumba anabaki nayo. Permi ni ya Serikali, miezi yake itakwisha yenyewe; kwa muda huo atafanya kazi katika shimo la garaji, chini ya magari, kupaka grisi. Baadaye atapita mtihani upya mbele yangu kama mgeni. Mama Kapinga alishukuru kwa kupiga makofi ya taratibu, kisha akaenda zake. Aliingia kinyumenyume, akatoka kichwa juu.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaopata ajali ya kunyang'anywa permi, maana huwa mnakuja kwangu mkinong'ona. Mwangalieni Mukendi. Walimpa jina la Shofere Malaria, akaliitikia. Alishuka shimoni akapaka grisi vizuri kiasi kwamba mafundi walianza kuwekea magari yao zamu ya mikono yake. Siku moja fundi mkuu alimwambia asogeze kamioni hatua chache tu, ndani ya ua, mlango umefungwa, nani ataona? Mukendi akajifuta mikono. "Permi iko kwa polisi," akasema, "na hii mikono iko kule pamoja nayo." Ikabidi tuisukume. Watu wazima wote tulisukuma kamioni, tukitukana na kucheka, na yeye akisukuma kuliko wote. Na ninyi mnaniambia, "Muzee, nilipeleka gari tu mpaka sokoni"! Aibu.

Miezi ilipokwisha tulienda pamoja kuchukua permi. Askari mmoja pale dirishani, akimrudishia karatasi iliyochukuliwa kwa ulevi, alimwomba bia. Nilitaka kufa kwa kicheko. Mukendi alimwambia kwa adabu kwamba yeye bia haijui, lakini akipenda anaweza kumtafutia munkoyo.

Kisha mtihani. Sikumwonea huruma hata kidogo, nilitaka wakubwa waone. Nilimpeleka kwenye njia ya mgodi, matope mekundu ya mvua hadi vifundoni, nikamrudisha nyuma kati ya mapipa, nikamsimamisha mlimani na kumwondoa. Nilimaliza, nikashuka. Nilimpa mkono nikauliza mke, watoto, mama kijijini na mbuzi. Alijibu yote, kinywa wazi kabisa. Tulicheka kama wendawazimu.

Jumamosi iliyofuata Ngalula alinijia tena. Mama yake ananiita, niwe shahidi. Heshima ile ya wakwe, kwa Waluba, inaweza kufunguliwa: mwanaume anatoa mbuzi, mama mkwe anampikia, na kuanzia siku hiyo wanaonana. Lakini safari hii mbuzi hakutoka kwa Mukendi. Mama Kapinga alimnunua mwenyewe. Wazee wa Kapata walinung'unika, hawajaona mambo kama hayo tangu wazaliwe. Mama Kapinga akasema basi, leo wataona.

Mukendi alikuwa amekaa sebuleni kwa Mama Kapinga, kwenye kiti, uso kwa ukuta, shati jeupe, jasho linamtoka shingoni. Mama Kapinga akatoka jikoni, akasimama nyuma yake.

"Tata," akaniambia mi, "muambie ageuke."

Nilimwambia. Aligeuka polepole, na kiti chake, kama anavyogeuza basi mahali pembamba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua, akamtazama paji la uso, macho, mashavu, bila haraka. Mi nilisikia mafuta yakilia jikoni. Mtu yule mrefu, mzee wa kanisa, baba wa watoto, machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Kumbe," Mama Kapinga akasema, "uko paka mutoto, mutoto tu."

"Eyo, mama," Mukendi akaitikia.